Maswali ya Wasomaji: Picha ya Bidhaa Inayomjibu Mnunuzi Kabla Hajauliza

Baada ya kuwaomba wasomaji watuandikie kuhusu matangazo ya kuuza vitu vilivyotumika, barua nyingi zilizotufikia zimerudi kwenye lalamiko moja: kitu ni kizima, bei maongezi yapo, lakini tangazo linakaa bila mteja, au linaleta watu wanaouliza "bado ipo?" kisha wakanyamaza. Mara nyingi kasoro iko kwenye picha. Mnunuzi hawezi kukigusa kitu wala kukizunguka, kwa hiyo lolote ambalo picha haikumwonyesha atalijaza mwenyewe kwa mashaka. Tumechagua barua tano.

Ndugu Mhariri, tunahama Dar es Salaam kwenda Dodoma na tumeamua kuuza friji yetu nyeupe ya milango miwili. Niliipiga picha jikoni usiku kwa taa ya simu. Imetoka ya kijivu, ina doa kubwa la mwanga katikati ya mlango, na chini imekuwa nyembamba kuliko juu. Mteja mmoja ameniuliza kama ilianguka. Nifanyeje? – Msomaji, Tabata

Matatizo yako yote matatu yana sababu zinazoeleweka, na hakuna hata moja linalohitaji simu ya bei kubwa. Tuanze na doa la mwanga. Taa ya simu imekaa karibu kabisa na lenzi, kwa hiyo mwanga wake huupiga mlango unaong'aa na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Izime. Subiri asubuhi, fungua madirisha na mlango wa jikoni, kisha simama mahali ambapo mwanga wa nje unaiangukia friji kutoka ubavuni, wala usiipige dirisha likiwa nyuma yake, maana itageuka kivuli. Zima na taa ya dari pia, kwa sababu mwanga wa balbu na mwanga wa mchana hutofautiana rangi na kamera haiwezi kuisawazisha yote miwili kwa pamoja. Upande mmoja wa friji utakuwa na umanjano na mwingine usamawati, na mteja atadhani imepakwa rangi upya.

Ukijivu unatokana na jinsi kamera inavyopima mwanga. Kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa ujumla, kina weupe wa wastani. Kitu cheupe kikijaza picha, yenyewe hupunguza mwanga mpaka weupe ugeuke kijivu, na kitu cheusi kikijaza picha hufanya kinyume chake. Katika simu nyingi za sasa, ukigusa friji kwenye skrini itatokea alama ndogo ya jua, nawe utaivuta kidogo kuelekea upande wa kuongeza mwanga hadi mlango uwe mweupe kama unavyouona kwa macho. Usizidishe, kwa sababu mistari ya milango na mishikio ikianza kupotea, umepita kiasi.

Umbo kupinda kumeletwa na mahali uliposimama. Ulikuwa karibu, simu ikiwa usawa wa uso wako, ukaiinamisha chini ili friji yote iingie. Sehemu ya juu iliyo karibu ikaonekana kubwa, na ya chini iliyo mbali ikasinyaa. Rudi nyuma kadiri jikoni inavyoruhusu, hata ukatokea mlangoni, shusha simu ifike usawa wa katikati ya friji na uishike wima bila kuiinamisha. Lenzi ile pana inayoandikwa 0.5 usiiguse kabisa kwa kazi hii, kwani ndiyo inayopindisha vitu kuliko zote.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, picha ya mbele haiuzi friji iliyotumika. Inayouza ni picha ya ndani, milango ikiwa wazi na taa yake ikiwaka, rafu na droo ya mboga zikiwa zimeoshwa na kukaushwa. Piga kwa karibu mpira wa mlango, pande za chini hasa, kwa sababu mnunuzi mzoefu huanzia hapo: mpira uliochanika au wenye ukungu mweusi humwambia kwamba baridi inavuja na umeme unaliwa. Weka bakuli la maji kwenye sehemu ya kugandisha tangu usiku, asubuhi ulipige picha likiwa barafu, hapo hapo ndani. Piga pia kibandiko chenye ujazo wa lita, volti na aina ya gesi, ukihakikisha maandishi yanasomeka. Mwisho kabisa, ule mkwaruzo unaotamani kuuficha uupige kwa karibu, ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Aliyeuona kwenye tangazo hatautumia kukushushia bei akiwa tayari sebuleni kwako.

Mhariri, nakusalimu. Ninauza leso (khanga) kwa njia ya simu, na wateja wa bara hunirudishia wakisema rangi waliyoletewa siyo waliyoiona. Zambarau hutoka buluu, na nyekundu hutoka imekoza mpaka maua hayaonekani. Nimejaribu juani na ndani ya duka, ni yale yale. – Mama wa leso, Mombasa

Mama, shikamoo. Rangi hizo mbili ndizo zinazozisumbua kamera za simu kuliko nyingine, kwa hiyo usilaumu macho yako wala ya wateja. Jua la mchana katika ukanda wetu huanguka kutoka juu kabisa, likaunguza sehemu zinazong'aa na kuacha weusi kwenye kila mkunjo. Dukani nako kuna balbu, na huenda kuna kuta zilizopakwa rangi. Mahali pazuri ni barazani au chini ya paa la nje, kwenye kivuli kilicho wazi kinachopata mwanga mwingi wa anga bila jua lenyewe, kuanzia kama saa tatu asubuhi. Jua la jioni lina uzuri wake kwa picha za harusi, lakini kwa nguo linaongeza umanjano, hivyo liache.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawaliangalii ni kile kinachoizunguka nguo. Sakafu ya saruji nyekundu hutupa wekundu wake juu ya leso, na ukuta wa kijani hutupa ukijani, hata kama havionekani kwenye picha. Tandika shuka jeupe chini, au itundike leso kwa vibanio mbele ya ukuta mweupe. Weka karatasi nyeupe pembeni mwa nguo, ipige picha pamoja nayo, kisha utazame: karatasi ikionekana ya samawati au ya manjano, ujue rangi zote zimehama, nawe urekebishe kwenye sehemu ya kuhariri mpaka karatasi iwe nyeupe kweli. Baada ya hapo unaweza kuikata ikatoka. Kwa nyekundu, punguza mwanga kidogo kabla ya kupiga, maua yatarudi. Zima pia mipangilio ya kurembesha picha inayojiwasha yenyewe. Imetengenezwa ili chakula na machweo yapendeze, nayo hukoleza rangi bila kukuuliza.

Pamoja na hayo, ipige pasi kwanza. Leso ionekane yote ikiwa imenyooshwa, pindo pande zote nne, mji wake katikati, na jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, lisomeke bila mteja kulazimika kuvuta picha, kwa kuwa wapo wanaonunua kwa ajili ya jina kabla ya rangi. Ongeza picha moja ya karibu inayoonyesha ufumaji wa pamba, na kona moja ikiwa imegeuzwa ili upande wa nyuma uonekane. Kwa zambarau, hata ukifanya yote haya, andika rangi kwa maneno: "zambarau ya biringanya" humsaidia mteja kuliko picha kumi.

Nauza televisheni na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Kila nikipiga picha, naonekana mimi mwenyewe nikiwa na taulo begani. – Msomaji, Arusha

Taulo liondoe, lakini dawa yenyewe ni kusogea. Kioo hurudisha kile kilicho mbele yake moja kwa moja, kwa hiyo simama pembeni kidogo mpaka ndani ya kioo uonekane ukuta mtupu au pazia. Chumba kikiwa kidogo, fungua mlango wa kabati nusu, na kioo kitatazama kwingine.

Televisheni inahitaji picha mbili za namna tofauti. Ya kwanza ipigwe ikiwa imezimwa, kutoka pembeni, ili fremu na michubuko vionekane. Ya pili ipigwe ikiwaka, kutoka mbele, taa za chumba zikiwa zimezimwa na skrini ikionyesha rangi nyeupe tupu, kwa sababu hapo ndipo mstari au doa la skrini hujitokeza. Ukiona mistari ya kivuli kwenye picha lakini machoni huioni, hiyo imesababishwa na kamera kushindwa kwenda sawa na kupepesa kwa mwanga wa skrini. Rudia mara kadhaa au piga video fupi, maana mteja hawezi kujua tofauti kati ya mstari wa kamera na mstari wa ubovu.

Ninauza viatu vya mtumba. Je, kuna ubaya kutumia picha za viatu hivyo hivyo kutoka kwenye intaneti, maana ni safi zaidi? – Kijana, Mwanza

Upo. Picha hiyo ni ya kiatu kipya, nacho si hicho ulicho nacho, na mteja akifika akakuta soli iliyolika atakuita tapeli hata kama bei yako ni halali. Isitoshe, wanunuzi wengi wamekwisha kuzoea picha za kuazima na huzipita bila kusoma. Osha kiatu, kijaze magazeti kisisinyae, weka kimoja kikitazama mbele kwa mshazari na kingine kikionyesha soli, kisha piga namba ya saizi iliyo ndani. Mandhari iwe karatasi ya manila iliyopinda kutoka ukutani hadi mezani, ambayo haionyeshi kona.

Nataka kuuza simu yangu mtandaoni, lakini naogopa kuweka mambo yangu hadharani. Nini kionekane na nini kifichwe? – Msomaji, Morogoro

Azima simu nyingine ya kupigia, na uifute lenzi yake kwa kitambaa laini kabla ya lolote. Alama ya kidole kwenye lenzi ndiyo ukungu ambao watu wengi hudhani ni ubovu wa kamera. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, subiri dakika chache, kwa kuwa unyevu wa hewa hutanda juu ya kioo kilichopoa.

Simu unayouza ionekane mbele ikiwa imewaka, nyuma bila kasha, kingo zote nne, tundu la chaji, na ukurasa wa mipangilio unaotaja modeli na ukubwa wa hifadhi. Kabla ya kuiwasha mbele ya kamera, iondoe picha ya watoto kwenye skrini na uzime arifa, usije ukatangaza ujumbe wa muamala wa benki pamoja na simu.

Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, usiiweke kwenye tangazo la wazi. Mnunuzi ana haki ya kuihakiki, hasa tangu Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia kwenye mitandao, lakini mpatie hiyo namba yule aliyeonyesha nia ya kweli, na si kila apitaye. Kama boksi la simu limo kwenye picha, funika kibandiko chake chenye namba hiyo.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho: kamera ikiruhusiwa kutumia mahali ulipo, huandika ndani ya faili la picha sehemu ambayo picha ilipigwa. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo picha inapotumwa kama picha ya kawaida, ila ikitumwa kama hati hufika nayo yote. Njia iliyo rahisi ni kuzima ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kuanza. Angalia pia kinachoonekana nyuma ya simu kwenye picha: geti, namba ya nyumba, gari lililoegeshwa, sare ya shule ikining'inia mlangoni.

Kama unaogopa picha zako kuibwa na matapeli, andika jina unalolitumia kwenye tangazo pamoja na tarehe juu ya kipande cha karatasi, kiweke kando ya simu, na kionekane katika picha mojawapo. Mteja makini naye huenda akakuomba picha mpya ya namna hiyo ili ajue kwamba simu iko mikononi mwako; usimchukie, ipige picha hiyo hapo hapo umtumie. Simu ikishanunuliwa, ondoa tangazo siku hiyo hiyo, au uandike "imeuzwa" juu ya picha ya kwanza.