Chombo Kwanza, Sukari Baadaye

Swali: Naweka sukari kwenye maji ya maua, lakini siku ya pili yameshachafuka na yananuka. Nakosea wapi?

Jibu: Swali hili haliishi kuja, na hakuna muulizaji anayesema chombo alikiosha lini. Ingiza kidole, pitisha ndani karibu na kitako. Ukihisi utelezi, hapo wamejaa bakteria, na sukari umewaandalia wao. Wanaziba mirija ya kikonyo, ua linakufa kiu huku limesimama majini. Sugua chombo kwa brashi na sabuni, kisha lita 1 ya maji uitie kijiko 1 cha chai cha sukari, vijiko 2 vya maji ya limau na robo kijiko cha dawa ya klorini ya kufulia. Klorini itangulie kwenye maji. Ikikutana na limau kabla ya kuchanganywa na maji hutoa gesi ya sumu. Badilisha maji kila baada ya siku 2. Kuongezea juu ya yale machafu si kubadilisha.

Swali: Vipi aspirini, au sarafu ya shaba?

Jibu: Aspirini iache kabatini, sarafu katumie.

Swali: Mawaridi yangu huinamisha shingo kabla hayajachanua. Niyatupe?

Jibu: Bado. Maji hayafiki kichwani, mara nyingi kwa sababu hewa imeingia kwenye mirija. Zamisha vikonyo, ukate sentimita 2 au 3 za chini humohumo majini, kwa kisu kikali. Mkasi butu huviponda. Yafunge wima kwa gazeti, yakae saa chache kwenye maji ya kina. Majani yatakayozama yatoe yote. Nimesema yote: napokea picha za majani yaliyooza chomboni, na mtu ananiuliza aweke mbolea gani!

Swali: Naweza kuyaweka karibu na bakuli la matunda?

Jibu: Hapana. Ndizi na tufaha zikiiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huyazeesha maua, hasa karnesheni. Ua lililonyauka hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo litoe upesi.

Swali: Chavua ya mayungiyungi imetia doa kitambaa cha meza.

Jibu: Usiguse na maji. Inyanyue kwa utepe wa gundi. Safari ijayo chomoa vifuko vya chavua mara tu ua linapofunguka. Hukuniuliza, lakini kama unafuga paka, mayungiyungi yasiingie ndani kabisa. Akilamba chavua iliyomwagikia manyoya yake, au akinywa maji ya chombo hicho, figo zinaweza kufa. Ikitokea, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usisubiri atapike.