Maswali na majibu: Vua soksi kwanza, damu baadaye

Wiki hii nimeyatenga maswali ya kisukari na neva, maana ndiyo yaliyojaa, na karibu kila moja linadai kipimo cha damu. Wasomaji wangu mmeipenda maabara kupita kiasi. Mko radhi kutolewa chupa tano za damu kuliko kumwonyesha daktari unyayo.

Daktari, nitajie kipimo cha damu kinachoonyesha kama kisukari kimeshaharibu neva zangu. Nataka nipime mara moja nijue moja.

Hakipo. Nimelijibu swali hili mara nyingi hadi naweza kulijibu nikiwa usingizini, ila kwa kuwa bado linakuja, nalirudia: hakuna kipimo cha damu ambacho leo hii, peke yake, kinamruhusu daktari akwambie kwamba kisukari kimeharibu neva zako. Viashiria vinavyochunguzwa ni vingi. Kuna vya uvimbe wa ndani kama interlukini 6, ambayo hupanda pia kwa mafua na kwa fizi mbovu. Kuna protini zinazovuja kutoka kwenye nyuzi za neva. Hizo nitazigusa kwenye swali linalofuata.

Damu ina kazi nyingine, nayo ni ya maana: kuwasaka watuhumiwa wengine. Mtu mwenye kisukari akifa ganzi miguuni, si lazima kisukari ndicho kilichomfanyia hivyo. Tunapima vitamini B12, tezi ya shingo, figo, VVU, kaswende, na wakati mwingine protini zisizo za kawaida kwenye damu. Tunauliza habari za pombe pia, na hapo ndipo wengi huanza kukohoa.

Ugonjwa wenyewe tunautafuta miguuni. Tuna uzi wa plastiki unaoitwa monofilamenti, uliotengenezwa hivi kwamba ukiugandamiza kwenye ngozi hadi upinde, umesukuma kwa nguvu ya gramu 10, si zaidi. Mgonjwa anafumba macho, uzi unagusa chini ya kidole gumba, anasema “ndiyo” au ananyamaza. Tuna na uma wa chuma unaotetema mara 128 kwa sekunde, unaowekwa kwenye mfupa wa kidole gumba. Pamoja na kugonga kifundo kwa nyundo ndogo, kazi nzima ni dakika chache.

Bwana mmoja aliwahi kuingia kwangu na bahasha nene, majibu ya maabara ya miaka mitatu, yamepangwa kwa tarehe kama hati za shamba. Nikamwomba avue viatu. Alivyoinamisha cha kulia, kikadondoka kifungo cha shati. Soksi ilikuwa na doa la majimaji chini ya kisigino. “Kumbe kiko huku,” akasema, “nakitafuta tangu juzi.” Katika bahasha ile yote hapakuwa na karatasi hata moja iliyojua habari za kile kifungo. Na tafadhali usiniambie “mimi sisikii ganzi”: hadi nusu ya wenye uharibifu huu wa neva hawana dalili yoyote wanayoihisi. Yule bwana naye alikuwa anajisikia vizuri.

Nina miaka 67, kisukari cha miaka 14, na figo zimeanza kuchoka. Maabara moja imenipima nyurofilamenti (NfL) na kuandika “juu”. Je, neva zangu zinakufa?

Pole, na usikimbilie kuandika wosia.

Uzi wa neva unaotoka kiunoni hadi ncha ya kidole cha mguu ni mrefu karibu mita moja. Ndani yake kuna protini zinazoushikilia usilegee, na moja kati ya hizo ni nyurofilamenti nyepesi. Uzi ukichanika, protini hiyo inamwagika, na chembe zake zinafika kwenye damu. Ni kidogo mno, tunahesabu kwa pikogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Zamani ilibidi mtu achomwe sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo. Mashine za sasa zinaiona kwenye damu ya mkononi. Hayo ni maendeleo ya kweli, nami siyabezi. Tafiti kadhaa zimeikuta iko juu zaidi kwa wenye kisukari ambao neva zao zimeharibika.

Shida ni kwamba damu haisemi protini imetoka wapi. Kiharusi huipandisha. Pigo la kichwa pia, na magonjwa ya ubongo na ya uti wa mgongo. Umri huipandisha hata kwa mtu mzima wa afya. Unene huishusha, kwa sababu mwili mkubwa una damu nyingi ya kuizimua. Na figo zikichoka, inabaki mwilini na kipimo kinapanda. Sasa jisomee mwenyewe ulivyoniandikia: miaka 67, figo. Umeshanipa sababu mbili za hilo neno “juu” kabla sijaigusa miguu yako.

Kipimo hiki kina nafasi yake kwenye utafiti, kwa mfano kulinganisha kundi linalotumia dawa mpya na lile lisilotumia. Kumuuzia mtu mmoja mmoja, bila kiwango cha kikomo ambacho madaktari wa kisukari wamekubaliana, na kumwachia neno “juu” akalale nalo, hiyo naiita biashara ya hofu. Ulipimwa monofilamenti lini mara ya mwisho? Hukuandika.

HbA1c yangu ni 6.4. Hiyo ina maana neva ziko salama?

Hapana. HbA1c inasimulia sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Neva zako zinakumbuka miaka. Tena ukiwa na seli mundu, upungufu wa damu, au umeongezewa damu karibuni, namba hiyo inaweza kukudanganya kabisa.

Lakini usiidharau. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, kwa watu wenye kisukari aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuibana sukari kulipunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo ila ni ndogo zaidi, kwa sababu kule neva zinashambuliwa pia na presha, mafuta ya damu na uzito. Anayedhibiti sukari huku anavuta sigara anaziba tundu moja la ndoo yenye matundu manne.

Nimetumia metformini miaka tisa. Vidole vya miguu vimeanza ganzi. Daktari wangu anasema ni kisukari tu, nizoee.

Hilo “nizoee” limeniudhi. Metformini ni dawa nzuri, nami huiandika kila siku, lakini ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na ukosefu wa B12 huleta ganzi inayofanana na ya kisukari kama mapacha. Tofauti ni kwamba hii ya B12 ina tiba, mradi usichelewe.

Kwa hiyo swali lako ndilo pekee wiki hii ambalo nalijibu: nenda kapime damu. Omba B12. Ikitoka katikati, si chini wala si juu, waombe homosisteini au asidi ya methilimaloniki. Hizo hupanda seli zinapoikosa B12 ingawa kwenye damu inaonekana ipo. Usitegemee picha ya damu ya kawaida, ile inayohesabu chembe za damu, maana neva zinaweza kuumia kabla damu haijapungua. Usianze kumeza asidi ya foliki kwa kubahatisha: inaweza kuitengeneza damu na kuziacha neva zikiendelea kuoza kimyakimya. Na usiiache metformini kwa uamuzi wako mwenyewe. Naandika sentensi hiyo kwa sababu nawajua.

Vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12 vinafaa? Jirani yangu anavimeza vitatu kwa siku na ganzi inazidi.

Mwambie jirani aache kuongeza. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva zenyewe, na dalili yake ni ileile ganzi anayoikimbia.

Kipimo cha umeme cha neva kimetoka sawa, lakini usiku nyayo zinawaka moto. Wananiambia ni mawazo.

Si mawazo. Kipimo cha umeme kinasoma neva nene. Zinazobeba moto, baridi na maumivu ni nyembamba, na hazionekani pale. Mara nyingi ndizo zinazoanza kuumia. Kuna njia ya kukata kipande cha ngozi cha milimita 3 na kuhesabu nyuzi zake kwa darubini. Mara nyingi hatuhitaji kufika huko, tunamsikiliza mgonjwa na kumchunguza. Dawa za maumivu ya neva zipo, kaziulizie.

Mguu mmoja umevimba, una joto na wekundu, ila hauumi. Vipimo vya damu viko sawa. Nisubiri?

Usisubiri, nenda leo, na uende bila kuukanyagia mguu huo. Mwenye kisukari akipata mguu wa namna hii, hata damu ikiwa safi, tunahofia mifupa inavunjika kimyakimya ndani. Jina lake ni mguu wa Charcot, na kila siku ya kuutembelea inaubomoa zaidi.

Nimekutumia picha ya majibu yangu, niambie kama neva zimeharibika.

Picha imekatwa, haina vizio vya namba, umri wala jina la kipimo. Nimeifuta.

Mwanangu amegundulika ana kisukari aina ya kwanza mwezi uliopita. Neva zipimwe lini?

Baada ya miaka mitano, kisha kila mwaka. Wa aina ya pili ndiye anayepimwa siku ileile anapogundulika, kwa sababu huenda amekaa na sukari miaka bila kujua.

Mimi na mume wangu tuko mbali na hospitali. Kuna cha kufanya nyumbani?

Kipo, na hakihitaji chombo chochote. Kiliandaliwa Ipswich, Uingereza. Mume alale, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, wepesi kama unafuta vumbi, sekunde moja hadi mbili, aseme kila anapohisi. Anza na kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Rudia vivyo hivyo mguu wa kushoto. Malizia na kidole cha kati cha kulia, kisha cha kushoto. Jumla ni vidole sita. Asipohisi viwili au zaidi, fungeni safari ya hospitali wiki hii. Na usibonyeze, usipapase, usigonge, wala usirudie pale alipokosa ukimwambia “sasa je?” Ukimbonyeza, hata mguu uliokufa ganzi utajibu ndiyo.