Kabla hujaandika "uzembe wa mzazi"

Wadogo zangu mnaoripoti Dodoma kuanza kazi ya ustawi wa jamii, mtapewa fomu yenye sehemu ya hatari zinazomkabili mtoto. Isomeni polepole. Karibu kila swali linamkaba mzazi: anamlisha, anampeleka kliniki, anamsimamia? Hamtaona swali la shule iko mbali kiasi gani, wala mtama ulikauka lini.

Mwaka wangu wa kwanza, vijijini Chamwino, nilimkuta mvulana wa miaka 11 akichunga mbuzi siku ya shule. Nikaandika "uzembe wa mzazi", nikagonga mhuri. Jioni mtendaji wa kijiji akanicheka. Mbuzi si wao, kijana anachunga kwa ujira. Mavuno hayakupatikana na mama anadaiwa mchango wa chakula cha shuleni. Anachunga ili arudi darasani! Mhuri nilikuwa nimeshaugonga.

Nilichelewa kujua lugha ile ilikotoka. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, serikali ilibana matumizi, na neno "kuchangia" likazoeleka hospitalini na shuleni. Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, lakini fikra haikuondoka nayo: mtoto ni mtaji wa wazazi wake, akiharibikiwa wao ndio waliokosea hesabu. Hata ruzuku ya kaya maskini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), iliyojaribiwa kuanzia 2010 Chamwino, Bagamoyo na Kibaha, ilikuja na masharti ya mahudhurio shuleni na kliniki. Siipingi, nimeona imenunua viatu na kuku. Ila sharti humpima mama. Kama kliniki ina dawa, hilo halimhusu.

Mjini hatari hubadilika jina. Anayeuza karanga Majengo sokoni ni "mtoto wa mazingira hatarishi". Anayeamshwa saa kumi alfajiri awahi basi la shule, arudi giza linaingia, huyo ana bahati, maana wazazi wamelipia. (Hata bweni la watoto wa awali hadi darasa la nne lilizuiwa na serikali 2023 tu.)

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni. Basi muulizeni yeye, na si mbele ya mtendaji wala mama yake. Watoto wanaochunga mifugo wafuateni mchana wanaponywesha. Ndipo wana nafasi ya kuzungumza.

Mwisho wa fomu kuna "maoni mengineyo", mistari mitatu. Mimi hugeuza karatasi, nikaandika nyuma.