Mazungumzo yana mlango: maswali yenu ya wiki hii

Nimehamia Uyole kutoka Dar. Kila nikimuuliza mama wa gengeni bei ya sado ya viazi, ananijibu, "Umeamkaje, dada?" Ananisuta?

Kidogo, ndiyo. Lakini zaidi anakurudisha mlangoni uingie upya. Mwaka 1968 mwanasosholojia wa Marekani, Emanuel Schegloff, aliandika makala nzima kuhusu namna watu wanavyoanza kuongea kwenye simu. Alionyesha kwamba mwanzo una utaratibu: mmoja anaita, mwingine anaitika, ndipo jambo linafuata. Sisi utaratibu huo tunao kwenye shikamoo. Ukiitoa na marahaba isirudi, ule ukimya unausikia kabisa. Njia nzima unajiuliza kama mzee hakusikia au umemkosea. Basi dada, ukifika gengeni ukungu haujatoka, uliza habari za nyumbani, ngoja "salama", ndipo uulize viazi. Nimeona mara nyingi kwamba hapo ndipo kiazi cha nyongeza kinapowekwa juu ya sado iliyokwisha kujaa.

Kwenye Coaster ya Tukuyu tumebanana magoti, lakini hakuna anayemtazama mwenzake. Watu wamekuwa wakavu?

Hapana. Kumtupia mtu jicho mara moja, kisha kugeukia migomba dirishani, ni heshima: nimekuona, sikuchunguzi. Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1963. Gari likizimika mlimani utashangaa wanavyoongea.

Nahudumu mgahawani hapa Iringa. Mbele natabasamu, jikoni nalalamika mpaka sauti inakauka. Dada yangu ananiita mnafiki.

Kamwene, na pole kwa kazi. Dada yako amekosea, na hili nalisema kwa uzito. Huyo huyo Goffman aliishi katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, akatazama hoteli moja kwa karibu. Kilichomvutia ni mlango wa jikoni. Wahudumu walitaka ubaki wazi wapite na sinia zao na kuona wageni wamefikia wapi. Wenye hoteli walitaka ufungwe, wageni wasione mambo ya jikoni. Ukawa unasukumwa na kubamizwa kila siku. Kutokana na mambo kama hayo alieleza kwamba maisha yana ukumbini na nyuma ya pazia, na kila mmoja wetu anapahitaji kote kuwili. Mchungaji anapo, mwalimu anapo, na dada yako anapo: mwangalie anavyokaa wageni wakishaondoka sebuleni. Tabasamu unalompa mteja aliyechoka ni kazi unayomfanyia. Unafiki ungekuwa kumchekea ili umwibie.

Nimeolewa na Mnyakyusa. Tukienda kwao Rungwe naambiwa nisikutane na baba mkwe uso kwa uso. Hanitaki?

Usiumie, mwanangu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliueleza mwiko huu: mke alimkwepa baba mkwe, hata jina lake hakulitaja. Alikuwa akimheshimu hivyo, na baba mkwe naye alimkwepa vilevile. Siku hizi nyumba hazifanani. Wengine wanasalimiana kwa mbali, wengine wanakula pamoja. Muulize wifi yako kabla hamjaondoka Mbeya, asikuachie ukajua ukiwa umeshaingia uani.