Mnakimbia sawa, mbona mwenzako tu ndiye anapungua?
Jeni zinachangia, ndiyo. Katika jaribio la Kanada lililochapishwa 1994, jozi 7 za vijana wa kiume, mapacha wanaofanana, walipiga baiskeli ya mazoezi mara 2 kwa siku, siku 9 katika kila 10, kwa siku 93. Chakula kilipimwa, hakikuongezwa wala kupunguzwa. Kwa wastani walipungua kilo 5, zote mafuta. Ila kuna aliyepoteza 1 tu na aliyepoteza 8! Pacha na pacha wake walikaribiana, hata kwenye mafuta ya ndani ya tumbo. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya jozi na jozi.

Lakini wale walilindwa mdomo. Kukimbia kilomita 5 kwa mtu wa kilo 70 ni kama kalori 350, na chapati mbili za mafuta zinazirudisha zote. Kabla ya kuzisingizia jeni, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, asubuhi kabla ya chai, ukishatoa pumzi. Rudia kila wiki kwa wiki 12. Kipimo cha jeni kwa mate kinachouzwa mtandaoni usinunue: jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja mchango wake kiduchu.