Wasomaji Wanauliza: Asilimia ya Mapafu ya Mtoto Inatoka Wapi?

*Mwanangu ana miaka 7 na ana pumu. Kliniki wamempulizisha mashine, wakaandika "asilimia 75 ya inayotarajiwa". Inatarajiwa na nani? Ina maana robo ya mapafu yake imekufa?* (Mama, Morogoro)

Hakuna robo iliyokufa, mama. Mashine hiyo, spirometa, ilipima hewa aliyoitoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu, kisha ikailinganisha na wastani wa watoto wenye afya wa jinsia yake, umri wake na urefu wake. Wastani huo unakokotolewa kwa vitu ambavyo mhudumu ameviingiza mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuogopa asilimia, omba kuona urefu na tarehe ya kuzaliwa vilivyoandikwa juu ya karatasi.

Urefu ndio unaobeba hesabu. Ukikosewa kwa asilimia 1, kiasi kinachotarajiwa kinakosewa kwa asilimia 2 na zaidi kidogo. Tuseme mtoto ana sentimeta 120 na anatarajiwa kutoa lita 1.30. Akitoa 1.05 amepata asilimia 81. Sasa apimwe na viatu, na ubao uishie juu ya mafundo ya nywele, aandikwe 124. Kinachotarajiwa kinapanda hadi karibu lita 1.40, na pumzi ileile ya 1.05 inasomeka asilimia 75. Mapafu hayajabadilika hata kidogo.

Kipimo sahihi cha urefu kinachukua dakika moja. Mtoto avue viatu na soksi nene. Visigino, makalio na mabega viguse ubao, miguu iwe pamoja. Macho yatazame mbele: ukingo wa chini wa jicho na tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja wa mlalo, maana mtoto akiinua kidevu kipimo kinaharibika. Ubao wa juu ushuke hadi uguse fuvu. Kama amesukwa mafundo utosini, yafumuliwe au ubao upitishwe katikati yake. Kukisia "toa sentimeta mbili za nywele" hakufai. Soma hadi milimita. Na apimwe kila anapokuja, kwa sababu urefu wa miezi sita iliyopita si wa mtoto huyu tena.

Umri nao uingizwe kwa tarehe kamili kutoka kadi ya kliniki. Mtoto wa miaka 7 na miezi 11 akiandikwa "7" analinganishwa na watoto wenye umri mdogo kuliko wake.

Halafu kuna kupuliza kwenyewe. Pumzi iliyoanza kwa kusitasita, iliyokatwa na kikohozi au iliyovujia pembeni mwa mdomo haihesabiwi. Zinatakiwa pumzi tatu zinazokubalika, na mbili bora zisipishane kwa zaidi ya mililita 150. Kwa watoto wa miaka 6 kushuka chini, mililita 100 au asilimia 10 ya iliyo kubwa, lolote lililo zaidi. Karatasi yenye pumzi moja tu si ya kuamulia dawa.

Kuhusu mpaka wa asilimia 80 ambao wengi wameukariri: (chini yake mapafu huhesabiwa kuwa na kasoro) ni wa mazoea. Siku hizi tunatazama alama ya z, yaani mtoto yuko umbali gani kutoka wastani ukizingatia jinsi watoto wenye afya wanavyotofautiana. Chini ya −1.645 wanabaki 5 tu kati ya 100 wenye afya. Ikiwa alama hiyo imechapishwa kwenye karatasi yako, ndiyo ya kumuuliza daktari. Wala kipimo kizuri hakifuti pumu: mtoto mwenye pumu anaweza kupuliza vizuri kabisa siku ambayo kifua kimetulia.

*Tumebadilisha spirometa. Mtoto aliyekuwa na asilimia 92 sasa ana 84, na lita ni zilezile. Mashine ipi inadanganya?* (Muuguzi, Mombasa)

Hakuna inayodanganya, zinatumia milinganyo tofauti, yaani fomula za kukokotoa kinachotarajiwa. Fungua mipangilio usome jina lake. Mlinganyo wa 2012 wa GLI (Global Lung Function Initiative, mpango wa kimataifa wa vipimo vya mapafu) unaanzia miaka 3 hadi 95 na unadai uchague kundi la asili ya mtu, yaani jamii anayotoka. Hapo ndipo penye shida kwetu: kundi linalochaguliwa kwa mtoto wa Kiafrika lilijengwa kwa vipimo vya Wamarekani weusi, kwa kuwa takwimu za kutosha kutoka Afrika kusini mwa Sahara hazikuwapo. Toleo la GLI Global la 2022 limeondoa swali la asili na kuweka wastani mmoja kwa wote. Ukihama kutoka kundi lile kwenda hili, kinachotarajiwa kinapanda na asilimia inashuka, bila ugonjwa wowote.

Chagueni mlinganyo mmoja, andikeni jina lake kwenye kila karatasi, na kwa watoto wa zamani rudieni hesabu za nyuma kwa mlinganyo mpya. Linganisheni lita kwa lita pia. Mtoto anayekua ambaye lita zake hazipandi mwaka mzima anahitaji kuangaliwa, hata asilimia ikisemaje.

*Binti yangu ana kibiongo, hawezi kusimama wima. Urefu wake utajulikanaje?* (Baba, Kigoma)

Usikubali apimwe akiwa amepinda: atatoka mfupi, kinachotarajiwa kitakuwa kidogo, na mapafu yaliyobanwa yataonekana mazima. Kwa mtoto, kinachopendekezwa ni kupima mfupa wa kigasha, kutoka ncha ya kiwiko hadi kinundu cha kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho, kisha kukadiria urefu kwa fomula ya watoto. Upana wa mikono iliyonyooshwa, ncha ya kidole cha kati hadi ya mwenzake, hutumika pia, lakini usiandikwe moja kwa moja kama urefu. Mara nyingi mikono huzidi kimo. Njia itakayotumika leo itumike kila mara.

*Hatuna spirometa, tuna kile kibomba cha kupuliza chenye mshale. Kuna hesabu rahisi?* (Mhudumu wa zahanati, Mbeya)

Ipo, kwa kasi ya juu kabisa ya pumzi ambayo kibomba hicho hupima: urefu kwa sentimeta, toa 80, zidisha kwa 5. Mtoto wa sentimeta 128 anatarajiwa karibu lita 240 kwa dakika. Apulize akiwa amesimama, mshale urudishwe sifuri kila mara, achukuliwe mkubwa kati ya mara tatu. Lakini watoto wenye afya wanatofautiana sana kwa kipimo hiki, kwa hiyo itumie kuanzia tu. Mpime asubuhi na jioni kwa wiki mbili akiwa hana dalili, uchukue kiwango chake bora, na hicho ndicho umlinganishe nacho. Akishuka chini ya nusu yake, mpe dawa ya kupunguza mbano wa njia za hewa na umpeleke hospitali saa hiyohiyo.

*Mtoto aliyedumaa je?* (Msomaji, Bujumbura)

Mlinganyo utamwona mfupi na kumtarajia kidogo, kwa hiyo anaweza kupata asilimia 100 akiwa na mapafu madogo kwa umri wake. Karatasi ya spirometa isomwe pamoja na mchoro wa ukuaji kwenye kadi yake. Uzito hauingii kwenye milinganyo hii, ila uandikwe.