Usiifute Sauti ya Demo: Ushauri Kutoka Albamu ya Pili ya Adele

Wasanii wanaokuja kurekodi albamu ya pili mara nyingi huja na hofu ambayo hawakuwa nayo katika ile ya kwanza, na hofu hiyo huwafanya waimbe upya kila kitu mpaka wimbo unapoteza ladha. Kwa kuwa kazi yangu ni kuwaingizia watu sauti katika studio ndogo, nimezoea kuwaomba wasikilize kwanza «21», albamu ya pili ya mwimbaji wa Uingereza Adele, iliyotoka Januari 2011, miaka 3 baada ya ile ya kwanza, «19».

Wengi huifahamu kwa mauzo yaliyovuka nakala milioni 30 na kwa tuzo 6 za Grammy ilizozoa Februari 2012. Mimi hupenda kueleza ilivyotengenezwa. Adele alikuwa ametoka kuachana na mpenzi wake alipoingia studio jijini London na prodyuza Paul Epworth, wakatunga «Rolling in the Deep», na sauti aliyoiweka wakati ule kwa ajili ya demo, yaani rekodi ya majaribio, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika wimbo uliotoka, kwa sababu kila walipojaribu kuirudia, ile hasira haikurudi nayo. «Someone Like You», aliotunga na mtunzi Dan Wilson huko Los Angeles, una piano na sauti yake tu, nao ulianza kama demo ukaachwa hivyo hivyo. Alikwenda pia Malibu, California, kwa Rick Rubin, prodyuza mwenye jina kubwa kabisa, wakarekodi na wapigaji ala hodari. Hata hivyo, kazi nyingi za huko aliziweka kando, na katika albamu zikabaki nyimbo 4. Kufanya hivyo ukiwa na miaka 22 kunataka moyo.

Sikiliza sauti yake inavyokwaruza kidogo inapopanda katika kiitikio cha «Someone Like You». Maprodyuza wengi wa leo wangeinyoosha kwa programu, na wimbo ungekufa.

Kwa hiyo nashauri demo irekodiwe kana kwamba ndiyo ya mwisho. Tumia maikrofoni bora uliyo nayo, zima feni, hakikisha kipimo cha sauti hakigusi nyekundu, na uhifadhi sauti kavu, isiyowekewa mwangwi wala madoido, katika faili yake yenyewe, ukiandika kando kasi ya mdundo na ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti unachoimbiwa. Dada mmoja mwanakwaya aliwahi kuniletea demo tamu ajabu, lakini sauti na biti vilikuwa vimeunganishwa katika faili moja, na tulipojaribu kuvitenganisha, sauti ilitoka kama inayotoka ndani ya bomba. Aliimba tena, na aliimba vizuri, ila ule uchungu haukuwamo.

Unapolinganisha demo na sauti mpya, zisawazishe kwanza zilingane kwa ukubwa wa sauti, maana sikio hudanganyika na kuipenda ile inayopiga kelele zaidi. Kisha mpe mtu asiyejua ipi ni ipi azisikilize. Ikiwa kosa ni neno moja au mstari mmoja, rudia mstari huo tu, kwa maikrofoni ile ile na umbali ule ule. Wimbo mzima uimbwe upya pale tu ufunguo wenyewe unapokuwa umemzidi mwimbaji.